Jasho, Shabu na Haki ya Jirani wa Safu: Fiqhi ya Dawa za Kwapa

 

Kuna mas-ala ambayo kwa baadhi ya wasomaji wetu yataonekana madogo, lakini maimamu wengi wa misikiti ya mijini wanayajua uzito wake. Watu wengi, khasa vijana, na ndugu zetu wanaoishi Ughaibuni, wameacha dawa za kwapa za viwandani zinazozuia jasho na kuhamia kwenye zile zinazoitwa za asili: jiwe la shabu, vijiti vya mafuta ya nazi na nta ya nyuki, unga wa magadi soda uliochanganywa na wanga. Sababu yao kubwa ni khofu ya madini ya alumini. Katika siku za mwanzo za kubadilisha, baadhi yao hunuka. Hapo watu hugawika: mmoja huona haya akaacha jamaa, mwengine huenda msikitini akawaudhi wenzake kwa hoja kwamba jasho ni maumbile ya Allah na asiyelipenda asogee. Nani kati yao yuko sawa?

Wanavyuoni wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi na tuanze na jasho.

KIKWAPA KINATOKA WAPI

Mwili wa binadamu una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimeenea karibu mwili mzima, nazo hutoa maji na chumvi ili kuupoza mwili. Za pili ziko makwapani na sehemu za siri, nazo hazianzi kazi mpaka mtu anapokaribia kubaleghe. Hizi hutoa kitu kizito chenye mafuta mafuta ambacho chenyewe hakina harufu. Wanaoleta harufu ni bakteria wanaoishi juu ya ngozi. Hukila kitu kile na kukivunjavunja, na yale yanayobaki ndiyo yanayonuka. Kwa hiyo mtoto mdogo anaweza kucheza juani siku nzima akatota kwa jasho na asitoe kikwapa. Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka kwamba baadhi ya wanavyuoni wa Kimaliki waliihesabu harufu ya kwapa miongoni mwa alama za kubaleghe, pamoja na kubadilika sauti. Waliyaona kwa macho na pua yale ambayo maabara yamekuja kuyaeleza karne nyingi baadaye.

Kisha tujue kwamba jasho la binadamu ni tohara, awe na janaba au hana. Abu Hurayra (r.a.) alipojitenga na Mtume (s.a.w.) kwa sababu ya janaba, alifundishwa kwamba Muislamu hanajisiki. Na katika Sahih Muslim imo khabari ya Ummu Sulaym (r.a.) aliyekuwa akilikusanya jasho la Mtume (s.a.w.) katika chupa na kulichanganya na manukato yake. Hiyo ni khususia yake Mtume (s.a.w.) kwa upande wa harufu, lakini kwa upande wa tohara hukumu ni ya wote. Aliyeacha dawa yake na sasa kanzu yake ina baka la jasho makwapani, Sala yake ni sahihi, wala hana haja ya kuifua kwa ajili ya najisi. Ataifua kwa ajili ya harufu, na hilo ni jambo jengine.

Dawa zenyewe ni za namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Ipo inayoondoa harufu tu, kwa kuua bakteria au kwa kuifunika harufu kwa manukato. Jasho linaendelea kutoka. Na ipo inayozuia jasho, ambayo hufanya kazi kwa chumvi za alumini. Chumvi hizi zikikutana na jasho katika mdomo wa tundu lake hufanya kitu kama utomvu mzito kinachoziba tundu kwa muda, mpaka ngozi inapojibadilisha. Ya namna ya kwanza iliyouzwa kibiashara iliitwa Mum, iliyotokea Philadelphia, Marekani, mwaka 1888, na dawa yake ilikuwa zinki. Ya namna ya pili, Everdry, ilifuata mwaka 1903 kwa kloridi ya alumini.

Mwenye kuhama kutoka hii ya pili kwenda kwenye ile ya asili anapaswa kujua kwamba jasho litarudi, kwa sababu dawa nyingi za asili haziahidi kulizuia. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watu 17 na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliozoea dawa za kuzuia jasho walikuwa na bakteria wachache makwapani, na walipoacha bakteria wakaongezeka katika muda wa siku chache tu. Ama maneno yanayosemwa na wauzaji kwamba harufu ile ya mwanzo ni "sumu zinazotoka", hayana msingi. Kazi ya jasho ni kupoza mwili. Uchafu wa damu husafishwa na figo na maini.

SHABU NI ALUMINI

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisikia kwa mshangao. Jiwe la shabu, lile lile ambalo vinyozi wetu hulipitisha kwenye kidevu baada ya kunyoa na ambalo wazee walilitumia kutulizia maji ya tope, ndilo linalouzwa leo kwa jina la dawa ya asili ya kwapa. Waarabu huliita shabb, na vitabu vya kale vya tiba viliisifu zaidi ile ya Yemen. Mtu hulirowesha, akalipaka, likaacha tabaka jembamba ambalo bakteria hawalipendi. Kazi yake ni nzuri, halina rangi wala harufu, na ni rahisi. Lakini shabu ni chumvi ya alumini na potasiamu. Aliyeikimbia alumini akaenda kwenye shabu amehama chumba, nyumba ni ile ile. Muuzaji anayeandika kwenye jiwe la shabu kwamba halina alumini anadanganya, na ghushi katika biashara ni haramu hata kama bidhaa yenyewe haina madhara.

Simpingi anayependa shabu. Mimi naiona ni katika dawa bora kwa mtu wa kawaida. Ninachokataa ni kuichagua kwa sababu isiyo ya kweli.

ZIRYAB NA MARTAKI YA QURTUBA

Neno "asili" limewapumbaza watu, na historia yetu wenyewe ina somo katika hilo.

Mwaka 206 H (822) aliingia Andalusi Abul-Hasan Ali bin Nafi', maarufu kwa jina la Ziryab, akitokea Mashariki, na akapokelewa Qurtuba na Amiri Abdul-Rahman wa Pili. Wengi wanamjua kwa uimbaji wake, na hatuna haja ya kuliingia hilo hapa. Lakini alileta pia adabu za kula, kuvaa na usafi. Al-Maqqari wa Tilimsani, aliyefariki 1041 H (1632), katika Nafhut-Tib ameeleza kwamba Ziryab ndiye aliyewazoesha watu wa Andalusi kutumia martaki kuondoa harufu ya makwapa. Kabla yake wakubwa wa nchi ile walikuwa wakitumia unga wa maua ya waridi, rehani na mfano wake, na nguo zao zikawa haziachi kuingia madoa. Ziryab akawaonyesha namna ya kuitengeneza martaki kwa chumvi mpaka rangi yake ikawa nyeupe, nao wakaisifu sana.

Sasa martaki ni nini? Ni oksidi ya risasi, madini yale yale mazito yanayotengenezewa risasi za bunduki. Inatokana na madini ya ardhini, na kwa maana hiyo ni "ya asili" kuliko vijiti vyote vinavyouzwa leo. Na ni sumu. Risasi huingia katika damu, na kwa watoto huharibu ubongo na akili hata kwa kiasi kidogo.

Hii si khabari ya kale iliyokwisha. Neno la Waarabu wa Andalusi liliingia katika Kihispania kama almártaga, na matumizi yenyewe yakabaki kwa watu wanaosema Kihispania. Mwaka 2003, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, watoto wa familia moja yenye asili ya Jamhuri ya Dominika walikutwa na risasi nyingi katika damu. Waliofuatilia waligundua kwamba nyumbani kwao kulikuwa na unga wa litargirio, jina jengine la kitu hicho hicho, na kwamba ulikuwa ukitumika kama dawa ya kwapa. Mwaka ule ule Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatoa onyo kwa watu wote wasiutumie. Tokea meza ya Qurtuba mpaka kikwapa cha mtoto wa Rhode Island ni takriban miaka 1,200, na wote waliotumia katikati walidhani wanajipaka kitu safi.

Ziryab hana lawama, hakujua. Fuqahaa waliharamisha kutumia kinachodhuru, wakaacha kwa matabibu kazi ya kusema kipi kinadhuru. Leo imejulikana, kwa hiyo haijuzu kwa Muislamu kununua unga usiojulikana wa kupaka makwapani, wa rangi ya manjano au wekundu wa udongo, kwa sababu tu muuzaji ameuita tiba ya kale.

KHOFU YA SARATANI

Upande wa pili kuna khofu iliyoenezwa tangu miaka ya 1990 kwamba dawa za kuzuia jasho huleta saratani ya matiti. Aya ya sita ya Suratul-Hujurat inatuamrisha kuichunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu nayo, na nadhani maneno haya yamo ndani yake. Mwaka 2002 walitangaza watafiti wa Seattle matokeo ya kuwalinganisha wanawake 813 wenye saratani ya matiti na 793 wasiokuwa nayo; hawakuona uhusiano wowote na dawa za kwapa. Uchunguzi wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba alumini inayopenya ngozi ya kwapa ni kidogo mno, takriban asilimia 0.012 ya iliyopakwa. Mwenye maradhi ya figo yeye ana hukumu yake: figo ndizo zinazoitoa alumini mwilini, kwa hiyo atamuuliza daktari kabla ya kutumia, iwe dawa ya kiwandani au shabu.

Kwa hiyo asili ya mambo inabaki kuwa ni uhalali. Kuzuia jasho la makwapa si kubadilisha umbo la Allah kunakokatazwa, kwa kuwa ni kwa muda na mwili una sehemu nyingi nyingine za kutolea jasho. Na kuiacha dawa hiyo kwa kupenda ya asili pia ni halali. Mtu asimfanyie mwenziwe ukali katika hili.

Ila wenye kutumia magadi soda wawe na tahadhari. Ngozi kwa kawaida ina ukali kidogo wa asidi, nayo magadi ni kinyume chake. Wengi huwashwa, wakawa wekundu, wakachubuka. Ndimu nayo, ambayo watu wa Pwani huipaka, huchoma palipochubuka, na ngozi iliyopakwa ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua. Mwenye ngozi laini atafute dawa ya zinki au atumie wanga mtupu.

HAKI YA ALIYE KANDO YAKO

Sasa tufike kwenye swali lenyewe.

Bukhari na Muslim wamepokea katazo la Mtume (s.a.w.) kwa aliyekula kitunguu thaumu au kitunguu maji kibichi asiukaribie msikiti, na sababu iliyotajwa ni kwamba Malaika wanaudhika kwa kinachowaudhi binadamu. Ukiitazama illa utaona kwamba kosa si la kitunguu, ambacho ni halali kwa ijmai. Kosa ni udhia. Ndiyo maana Imam An-Nawawi (aliyefariki 676 H) katika sherehe yake ya Sahih Muslim amewanukuu wanavyuoni walioingiza humo mwenye kunuka kinywa na mwenye jeraha linalonuka. Na wafafanuzi wa Minhaj, kitabu kinachosomwa katika madrasa zetu za Pwani, wanapotaja nyudhuru za kuacha jamaa humtaja mwenye harufu mbaya, ikiwemo ya kwapa, ikiwa ni tabu kwake kuiondoa.

Sharti hilo la mwisho ndilo ufunguo. Mgonjwa ambaye jasho lake linanuka hata akioga na kutumia kila dawa, huyo ana udhuru, na anapata ujira wa niya yake. Lakini kijana mzima aliyeamua mwenyewe kuacha dawa iliyokuwa ikimtosha, na anaweza kuoga na kubadilisha shati, hana udhuru wa kuacha jamaa. Wala hana haki ya kwenda akinuka. Lililo juu yake ni kuondoa harufu kwa njia yoyote ya halali iliyo nyepesi kwake. Na kama ile ya asili haimtoshi, basi siku ya Ijumaa arudie ile ya kiwandani. Anachokipendelea yeye katika ngozi yake ni mubaha, na kuacha kumuudhi jirani wa safu ni wajibu. Mubaha haitangulii wajibu.

Tukumbuke pia chanzo cha josho la Ijumaa. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba watu walikuwa wakija kutoka majumbani mwao na vitongoji vya juu ya Madina, wamejaa vumbi na jasho, na harufu ikawatoka, ndipo Mtume (s.a.w.) akawahimiza kujisafisha kwa siku hiyo. Ibnu Abbas (r.a.) ameongeza kwamba walikuwa wakivaa sufi na kufanya kazi kwa migongo yao, na msikiti ulikuwa mwembamba wenye sakafu ya chini. Wale walikuwa Masahaba, na jasho lao lilikuwa la kazi ya halali. Hata hivyo waliambiwa waoge. Mpagazi na fundi wa leo wana heshima ile ile na wana amri ile ile, na imamu anayetaka kumkumbusha mmoja wao amwite pembeni. Asimtaje juu ya mimbari.

Katika sunna za fitra kuna dawa ambayo wengi wanaihangaikia dukani. Kunyonyoa nywele za kwapa, kusipite siku 40 kama alivyopokea Anas (r.a.), huondoa mahali ambapo jasho na bakteria hukaa. Asiyeweza maumivu anyoe. Imepokewa kuwa Imam Shafi'i aliingiliwa na mwanafunzi wake Yunus bin Abdil-A'la akiwa ananyolewa makwapa, akaeleza kwamba anajua sunna ni kunyonyoa ila hawezi maumivu yake.

JOSHO, EDA NA IHRAMU

Makwapa hayaoshwi katika udhu, kwa hiyo dawa ya aina yoyote haina uhusiano na udhu. Josho la janaba, hedhi na nifasi ndilo lenye mas-ala. Vijiti vya asili vyenye nta huacha tabaka lenye kiwiliwili, na maji hayalipenyi. Huyo lazima asugue kwa sabuni mpaka liondoke. Mafuta ya nazi yaliyokwisha yeyuka na kubaki utelezi tu hayadhuru, maadamu maji yanapita juu ya ngozi. Na kile kinachoziba tundu la jasho kwa ndani hakidhuru pia, kwa sababu kilicho ndani hakiwajibiki kuoshwa.

Baadhi ya ndugu husoma neno alkoholi kwenye kifurushi wakaitupa dawa. Watazame vizuri. Setili alkoholi na stearili alkoholi ni vitu vigumu kama nta, havilevyi wala si pombe, na jina ni la wanakemia tu. Ile inayolevya ndiyo wanavyuoni wa zama zetu waliyokhitalifiana katika kuipaka, na mwenye kutaka kutoka katika khilafu ataiepuka.

Mwanamke aliye katika eda ya kufiwa amekatazwa manukato, na katika nyumba zetu za Pwani, zilizozoea udi, liwa na asumini, hili hutiliwa mkazo mpaka wengine wakamnyima mjane hata sabuni. Huo ni ukali usio na dalili. Hadithi ya Ummu Atiyya (r.a.) imemruhusu anapotoharika na hedhi atumie kidogo cha qusti na adhfari, na wanavyuoni wameeleza kwamba makusudio ni kukata harufu mbaya, si kujitia manukato. Basi shabu na kila dawa ya kwapa isiyo na harufu ni halali kwake siku zote za eda yake.

Aliye katika ihramu ndiye mwenye kuhitaji kusoma kifurushi kuliko wote, kwani Makka ni joto na watu wanabanana. Shabu isiyotiwa kitu haina tatizo. Dawa yenye manukato haijuzu, na akiipaka kwa kujua na kwa makusudi ana fidia: kuchinja mbuzi, au kufunga siku tatu, au kulisha masikini sita. Dawa za asili nyingi hutangazwa kwamba hazina manukato ya kemikali, nazo zina mafuta ya waridi au ya msandali. Sharia haikutofautisha kati ya waridi la bustanini na la maabara; zote ni manukato. Mafuta ya nazi matupu mwilini yanajuzu katika madhehebu yetu ya Shafi'i, na makatazo ni katika nywele za kichwa na ndevu. Abu Hanifa yeye ana ukali zaidi katika mafuta. Na karafuu yetu ya Unguja na Pemba, pamoja na mdalasini, Imam An-Nawawi amezihesabu katika vitu vinavyokusudiwa kwa chakula na dawa, kwa hiyo hazina fidia.

Kujitia manukato mwilini kabla ya kuhirimia ni sunna kwetu, kwa hadithi ya Bibi Aisha (r.a.). Yakihama kwa jasho kutoka mahali kwenda mahali mwilini baada ya kuhirimia, hayadhuru. Lakini akilivua shuka lililoingia manukato kisha akalivaa tena hali manukato bado yamo, hapo atalazimika fidia. Na wenye kubadilisha mashuka kwa ajili ya jasho la Mina wengi hawalijui hili. Wallahu a'lam.